Dakika ya Chumba

Nyumba ni ya Bi Mwanakheri, mtaa wa Mkomani,
na chumba ni kile cha ndani kabisa
ambamo zamani bibi arusi alifichwa siku saba
na maiti wakaoshwa kabla ya kutoka.
Hakina dirisha. Kina zidaka arubaini na mbili;
nilizihesabu nikingoja stima irudi.
Sahani za kaure mjomba mtu aliziuza,
yakabaki matundu matupu,
na tundu tupu, nawaambia mimi niliyezoea
kunasa matangazo ya wagombea na kaswida za madrasa,
huumeza mwangwi kuliko magodoro yote niliyoyalipia Mombasa.

Tulianza Jumatatu baada ya isha.
Shekuwe na gitaa lake, ufa umezibwa kwa sandarusi.
Karisa Mwaringa na besi kubwa iliyopandishwa ngazi
imefungwa leso mbili tumboni kama mzazi wa juzi.
Na Dama, aliyekataa vijiti na brashi za dukani,
akaja na fagio mbili za chelewa alizokata mwenyewe.
"Zile za dukani," alisema,
"zinaongea kama mtu mwenye cheti."

Ratiba tulipangiwa na adhana.
Misikiti ya hapa haianzi pamoja:
mmoja hutangulia, wa pili hudakia,
wa tatu hukawia kidogo, kwa adabu.
Karisa alisikiliza ameegemea ukuta.
"Wale," akanong'ona, "wanajua kungojana."
Ndipo kipande cha pili kilipopatikana:
besi yaanza, gitaa ladakia,
chelewa zaja nyuma kama mgeni aliyepotea vichochoroni
na hataki kuuliza.

Kipande cha tano, punda alilia,
pale nje ya daka, katikati ya mpito mtamu.
Shekuwe akatukana, akaomba radhi, tukarudia.
Tulirudia mara kumi na moja,
na ya kumi na moja ilikuwa safi kama kanzu ya Idi
ikiwa bado kwenye henga.
Tukachagua ya tatu. Si kwamba ilipita zote.
Ilikuwa saa tisa usiku,
na Dama alikuwa na zamu ya asubuhi hospitalini.

Siku ya tatu Bi Mwanakheri alishuka na sinia.
"Nyimbo zenu hazina maneno?"
"Hazina, Bibi."
"Basi mwajuaje kuwa zimekwisha?"
Shekuwe akafungua mdomo.
Akamega mkate wa mofa.

Usiku wa nne, kazi imekwisha, niliwaomba jambo:
kaeni palepale, msiguse kitu,
nipeni dakika moja ya chumba hiki bila muziki.
Ufundi tu, kimya cha kuzibia mikato,
kama mwashi anavyoziba ukuta
kwa chokaa ya tanuri lilelile.
Wakakaa.

Albamu ilitoka. Nakala mia tatu;
sabini zimo uvunguni mwa kitanda changu.
Karisa yuko Doha, anafungulia watu mlango wa hoteli.
Shekuwe na Dama hawaamkiani, wala sisemi kwa nini:
nusu siijui,
nusu niliisababisha.

Nami albamu siisikilizi.
Nasikiliza ile dakika.
Friji ya ukumbini inavuma, chini kidogo ya uzi mnene wa besi.
Karisa anameza mate.
Kiti cha Shekuwe kinalia mara moja, na aibu yake inasikika.
Huko juu, tasbihi ya Bi Mwanakheri,
punje kwa punje, haina haraka na mtu.
Sekunde ya hamsini na mbili Dama anacheka kwa pua,
anakizuia kicheko,
na wote watatu, bila kutazamana,
wanavuta pumzi kwa pamoja
kama watu wanaotaka kuanza.

Halafu sauti yangu:
"Asanteni. Imetosha."